Mizani ya Tisa

Kampung Lubuk Rusa, Kuala Pilah
4 Novemba 1961

Kaka Baharom,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Huku hatujambo. Mvua hazikati, wagema mpira wanashinda vibarazani wakicheza bao na kusengenya. Mama tangu apooze, upande wa kushoto bado haujarudi, lakini ulimi uko wote. Jana kamwambia mganga wa zahanati, "Wewe mikono yako baridi, kashike samaki." Anauliza kila siku kama umeandika. Namwambia Kuala Lumpur ni mbali, na walimu wana kazi.

Sasa niseme lililonishikisha kalamu. Alhamisi shangazi yake Dolmat, Bi Saodah, alipanda ngazi zetu na sinia la tambuu la posa. Ndiyo, Dolmat yule yule fundi seremala. Mkewe alifariki mwaka juzi, na mimi huu ni mwaka wa sita tangu nimzike Hamdan. Chini ya majani ya tambuu kulikuwa na ubeti wake, nami naunakili hapa:

Mbao naipiga randa,
Kipande kimesalia;
Ngazi yako nitapanda,
Au chini nitalia?

Kaka, nilicheka mpaka Mama akauliza nimepatwa na nini. Halafu nikalia. Nina miaka thelathini na minne, na sikudhani kuna mtu atasimama tena chini ya ngazi zangu akiuliza apande au asipande. Namtaka. Nakuambia waziwazi ili usinizungushe.

Unajua desturi ya ukoo wetu: mjane hujijibia mwenyewe, kwa vina vile vile alivyoletewa, lakini jibu halishuki ngazi mpaka kaka wa tumbo moja aandike chini yake kwamba ameliona na limekaa sawa. Muda ni mpaka mwezi wa kufunga uandame. Ukiandama sinia bado liko kwetu, wanakuja kulichukua na mambo yamekwisha. Jibu langu ni hili:

Wingu jeusi latanda,
Bandani nakimbilia;
Ngazi ni yako, njoo panda,
Mtungi nimejazia.

Mtungi ni ule wa kunawia miguu hapo chini, anaujua. Liangalie, tia mkono wako, nirudishie.

Dolmat anakusalimia. Kasema, "Mwambie kaka yako Saba bado namkumbuka." Watoto wa siku hizi hata hawajui kwamba uliwahi kuitwa Saba.

Mdogo wako,
Kamsiah

*

Kampung Baru, Kuala Lumpur
27 Novemba 1961

Kamsiah,

Waalaikum salaam. Mimi mzima. Mitihani imenibana, na juu yake kuna ukurasa wangu wa mashairi kwenye jarida, kila mwezi wanataka maneno elfu moja. Mpe Mama salamu. Mwambie asiwatukane waganga, hao wamesomea.

Ubeti wako nimeusoma. Umeniuliza kama mwalimu, nitakujibu kama mwalimu.

Pantun ina mishororo minne. Miwili ya kwanza ni kivuli, miwili ya mwisho ni maana. Vina hupishana, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Hayo yanajulikana hata na wauza kuku. Sasa tuhesabu. Wingu-jeusi-latanda, mizani nane. Bandani nakimbilia, nane. Mshororo wa tatu: nga-zi-ni-ya-ko-njo-o-pa-nda. Tisa. Nimehesabu kwa vidole, halafu kwa punje za mahindi, zikabaki tisa. Yeye kakuletea nane katika mishororo yote minne, wewe unamrudishia tisa. Mshororo umevimba tumbo katikati ya ubeti.

Kina cha mwisho nacho kimekufa. Yeye anasema "salia" na "lia". Wewe "kimbilia", kisha "jazia". Zia si lia. Mtoto wa darasa la nne ningempiga rula.

Siwezi kutia mkono wangu hapo. Jina langu linasomwa nchi nzima. Sahihisha ulete.

Kaka yako,
Baharom

*

Lubuk Rusa
2 Desemba 1961

Kaka Baharom,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, Ah Seng kanipa dukani kwake pamoja na chumvi. Mama kafurahi umeandika, kaniambia nimsomee. Nikamsomea salamu.

Rula nimeipokea. Nimekaa na ubeti siku nzima, ndizi zikaungua jikoni. Sasa:

Wingu jeusi latanda,
Bandani nakimbilia;
Ngazi yangu njoo panda,
Maji nitakutilia.

Nane nane zote, na lia imerudi. Nasikitika kidogo, maana "ngazi ni yako" ndiyo niliyotaka kumwambia, na sasa ngazi imerudi kuwa yangu. Lakini sheria ni sheria.

Andika kwa haraka, tafadhali. Sinia limekaa kwenye sebule yetu, na kila Ijumaa nabadilisha majani ya tambuu ili yasinyauke. Yakikauka watu watasema nimekataa. Bi Saodah hupita njiani akichungulia rangi ya majani kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Dolmat yuko kwenye paa la surau, msikiti wetu mdogo, wanaweka vigae vipya. Kutoka juu kule anaiona bustani yangu, na mimi nikichuma tambuu najifanya simuoni.

Kamsiah

*

Kampung Baru
5 Januari 1962

Kamsiah,

Salaam. Nilikuwa na homa, kisha matokeo ya mitihani, kisha mkutano wa walimu. Usinihimize. Shairi si maandazi.

Mizani sasa imekaa. Lakini kutengeneza mizani ni kazi ya karani. Nakuuliza: kivuli chako kinatupia nini? Kivuli kizuri humnong'oneza msikilizaji maana inayokuja. Wingu, banda, mtu anakimbia. Anakimbilia nini? Kuku? Yeye kaleta ubao na randa kwa kuwa ni seremala. Wewe umeleta wingu kwa kuwa ulichungulia dirishani ukaliona.

Pili, "panda". Yeye kasema "nitapanda", wewe "njoo panda". Umekwenda kuomba kina kwake, kama jirani anayeomba kaa la moto. Jibu hutumia kina kile kile, silo neno lile lile. Tafuta lako.

Tatu, na hili nakwambia kama kaka. "Maji nitakutilia." Mwanamke wa umri wako, mjane, anamwandikia mwanamume kwamba atamtilia maji miguuni, kabla hata hajaolewa. Unajua watu wa Lubuk Rusa wanavyocheka. Mimi nawajua vizuri zaidi kuliko wewe. Wakishakucheka mara moja, kicheko hicho wanakuwekea maisha yako yote. Sitaki kiwekwe juu ya mlango wetu mara ya pili.

Anza upya.

Baharom

*

Lubuk Rusa
12 Januari 1962

Kaka,

Salamu zote ulizozizoea. Mama mzima, mbuzi kazaa.

Nimetafuta vina vya -nda mpaka vimeniingia kwenye uji. Kuna tanda, banda, ganda, landa, na kitanda. Nilipotaja kitanda Mama kacheka upande mmoja wa mdomo mpaka machozi. "Weka hicho," kasema, "Saodah azimie hapo hapo kwenye ngazi." Kisha kaniuliza, "Hivi Baharom anataka shairi au anataka nini?" Nikamwambia unataka liwe zuri. Kanitazama, kisha kaniambia nimgeuze.

Zimebaki wiki tatu na siku kadhaa. Surau imekwisha, Dolmat kashuka paani. Jana tulikutana kwa Ah Seng. Kasema, "Kamsiah, mimi hata ukiniandikia mistari ya kuagiza misumari nitaipokea." Nikasema sharti kaka atie mkono. Akauliza, "Anahesabu?" Nikasema ndiyo, anahesabu.

Kama hutaki niolewe naye, andika hivyo, na uandike sababu, nami nitaipeleka kwa wazee waisikie. Kama huna sababu, nakuomba uandike neno moja tu chini ya ubeti wowote kati ya miwili uliyo nayo. Sina wa tatu. Nimejaribu, sina.

Posta ni siku tatu. Siwezi kuja, Mama hana wa kumgeuza kitandani. Ungekuwa karibu ningekuja nikupigie magoti.

Kamsiah

*

Kampung Baru
8 Februari 1962

Mpendwa mdogo wangu,

Assalamu alaikum, na Ramadhani njema kwenu nyote. Leo tumefunga siku ya tatu, Mwenyezi Mungu atupe nguvu. Nimekutumia tende kwa basi, mpe Mama, zioshwe kwanza.

Nimekaa nikautazama ubeti wako tena kwa utulivu. Ule wa kwanza. Nadhani nilikuwa mkali. Ile mizani ya tisa inalipa jibu lako uhai, linapumua. Lilikuwa sawa tangu mwanzo. Nimetia mkono wangu chini yake, limo humu ndani. Lipeleke.

Kaka yako akupendaye,
Baharom

*

Lubuk Rusa
12 Machi 1962

Kaka Baharom,

Idi imepita. Tende zilifika, Mama kala.

Bi Saodah alikuja alasiri, siku mwezi ulipotarajiwa kuandama. Hakukaa. Kaniuliza, "Kaka yako kasemaje?" Nikasema bado. Kainua sinia. Majani yalikuwa mabichi kabisa, nilikuwa nimeyabadilisha asubuhi, ingawa haikuwa Ijumaa. Kayaangalia, kisha kaniangalia mimi, na macho yake yalikuwa na maji. Kasema, "Mwanangu, sisi si watu wa kusimama mlangoni mwezi ukiwa juu." Akashuka. Mtungi ulikuwa umejaa. Hakunawa.

Barua yako ilikuja siku sita baadaye.

Wamemposea Dolmat mjane mmoja wa Juasseh, anaitwa Rabiah. Wanaoana mwezi ujao. Dolmat ametuma salamu kwako. Kasema, "Mwambie, sasa tumelingana."

Sikuelewa. Wiki iliyopita nilinunua dagaa wakavu kwa Ah Seng, naye kanifungia kwa karatasi ya jarida. Lilikuwa jarida lako la Desemba. Ukurasa wako. Picha yako na miwani. Umeandika hivi: mishororo ya pantun huchezea kati ya mizani nane na kumi na mbili, na anayeifunga kwenye nane huyo ni mhasibu wa punje, hana sikio. Umesifu ubeti wa msichana wa Muar wenye nane, tisa, nane, nane.

Desemba, kaka. Punje za mahindi ulizihesabu Novemba.

Nikakumbuka harusi ya binamu Jarah, mwaka mmoja kabla ya Wajapani kuja. Wewe ulikuwa malenga upande wetu, na Dolmat upande wao. Ulitoa mshororo, yeye kanyanyua mikono akauhesabu kwa vidole mbele ya watu wote, vikaisha saba. Kasema, "Bwana mwalimu kala mizani moja, labda alikuwa na njaa." Watu wakaanguka. Mwezi ule ule wewe ukaondoka kijijini.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilicheka. Wote tulicheka, kaka. Ilichekesha.

Nakuuliza swali moja: ni hilo?

Kamsiah

*

Kampung Baru
30 Aprili 1962

Mdogo wangu Kamsiah,

Salamu kwako na kwa Mama. Samahani kwa kuchelewa, kazi. Hapa joto kali, kisima cha nyuma kimeanza kutoa matope. Nimesikia Dolmat kaoa. Mungu awape kheri. Uliona mwenyewe hakuwa na subira, na mume asiye na subira ni mzigo.

Nina habari njema. Tangu mke wangu Asmah afariki nimeishi kama chombo kilichosahaulika kabatini. Sasa kuna binti, Normah, mwalimu mwenzangu, kwao Rembau. Ana miaka ishirini na saba, mtulivu, anasoma ukurasa wangu. Yeye anataka, baba yake hana neno. Mama yake ndiye mshikilia desturi. Kasema sinia sharti lipelekwe na mama yangu au mwanamke wa tumbo moja na mimi, awe ameusoma ubeti na kuukubali, la sivyo wataona hatuna watu. Mama hawezi kunyanyuka. Umebaki wewe. Muda ni mpaka Maulidi, maana kuna mkaguzi wa shule anayezungukazunguka pale kwao, na wamemwambia asubiri mpaka siku hiyo.

Kutoka kwako mpaka Rembau ni asubuhi moja tu. Jirani atakaa na Mama. Ubeti ni huu:

Kengele nimeigonga,
Darasani wametua;
Moyo wangu unasonga,
Nasubiri lako ua.

Andika tu siku utakayokwenda, niwaarifu.

Kaka yako,
Baharom

*

Lubuk Rusa
20 Mei 1962

Kaka Baharom,

Shikamoo. Mama mzima, mbuzi mzima, mtoto wa mbuzi mzima. Hongera.

Swali langu hukulijibu. Hapana neno, nalo litakaa pamoja na mengine.

Ubeti wako nimeusoma. Umeniuliza kama mwanamke wa tumbo moja, nitakujibu kama mwalimu wangu alivyonifundisha. Nimehesabu kwa punje za mahindi. Nane, nane, nane, nane. Gonga na songa, tua na ua. Vina vimekaa, mizani imekaa. Sasa nakuuliza: kivuli kinatupia nini? Kengele, darasa, watoto wamekaa kimya. Huyu binti anaposwa au anaandikishwa shule? Yeye ni mwalimu, kengele anaisikia mchana kutwa. Ungempa kitu kisichogonga.

Na kasoro kubwa zaidi ni hiyo hiyo nane. Hakuna ya tisa. Hakuna mahali mtu alipotaka kusema zaidi ya alichoruhusiwa. Mshororo usiovimba popote hauna kitu tumboni.

Siwezi kuushusha ngazi hivyo. Sahihisha ulete.

Kamsiah

*

Kampung Baru
30 Juni 1962

Kamsiah,

Utani umetosha. Nimebadilisha kivuli mara mbili, nikakutumia tarehe mbili Juni na tarehe kumi na sita. Wa kwanza umesema "ua limeombwa kama kitabu cha maktaba". Wa pili umejibu kwa mistari mitatu, na miwili ilikuwa habari za mbuzi.

Sawa. Unataka niandike, naandika. Ndiyo, ni hilo. Miaka ishirini na miwili. Nikipanda basi watoto wa Lubuk Rusa walinyanyua vidole saba. Nilikuwa na sikio kuliko wote pale, na nilimeza silabi moja kwa woga tu, kwa kuwa watu walikuwa wengi. Yeye ningeweza kumsamehe, alikuwa mpinzani wangu, ilikuwa kazi yake. Lakini nilipogeuka kutafuta uso wa kwetu, niliuona wako umeziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Siku ulipoandika kwamba ubeti wake umekuchekesha mpaka ukalia, niliona mabega yale yale.

Nilikosea. Nimeshasema. Sasa nenda Rembau. Normah hajakukosea lolote. Nina miaka arobaini na mitatu, Kamsiah, nikirudi chumbani hakuna anayeniuliza nimekula nini. Nakupigia magoti kwa karatasi. Andika chini yake neno moja.

Baharom

*

Lubuk Rusa
15 Agosti 1962

Mpendwa kaka yangu,

Assalamu alaikum. Maulidi ya juzi yalifana sana. Watu walijaa surau, vigae havikuvuja hata tone. Dolmat alikuja na Rabiah wake, ana mimba. Alinisalimia vizuri. Mama aliniomba nimpeleke kibarazani asikie kasida, tukambeba watu wanne na kiti chake. Kaniuliza, "Baharom lini analeta mke?" Nikamwambia bado anahesabu. Kasema, "Naye huyu, tangu utotoni."

Normah aliniandikia mwezi uliopita. Mwandiko wake ni mzuri, herufi zimekaa wima. Kaniita dada. Kasema mama yake anamwekea sharti, na kwamba ananingoja mimi tu, kila basi likisimama anachungulia. Ni kweli hajanikosea lolote. Barua yake nimeiweka chini ya sinia letu, lile tupu lililokuwa liende Rembau. Sikumjibu.

Nimekaa nikautazama ubeti wako tena kwa utulivu. Lile shairi la kwanza, lenye kengele. Nadhani nilikuwa mkali. Lilikuwa sawa tangu mwanzo. Nimetia mkono wangu chini yake, limo humu ndani.

Lipeleke.

Mdogo wako akupendaye,
Kamsiah